Kovu Chini ya Skafu

Mama Aketch mpendwa, naomba unisaidie kabla sijatoroka hospitali. Mimi ni MC wa koito, zile sherehe zetu za posa, na harusi hapa Eldoret, sauti ndiyo jembe langu, na sasa mkono wa kulia umekufa ganzi mpaka maikrofoni inaniponyoka mbele ya wakwe za watu, na daktari alipoangalia picha akasema kuna diski shingoni inafinya mishipa ya fahamu, lazima nipasuliwe Alhamisi ijayo na watapitia mbele, hapa kooni. Jirani yangu Nyakio akaniambia kuna mzee wa mtaa wa Munyaka alifanyiwa hivyo, akakaa miezi sauti imekauka na kila akinywa chai anakohoa mpaka machozi. Tena mama mkwe ameshaita watu wa kanisa, nikitoka tu wodini kuna maombi ya shukrani, nitoe ushuhuda kwa nguvu zote halafu nile ugali na nyama choma, maana kwetu mtu asiyekula ugali bado ni mgonjwa, na nikikataa ataona namdharau. Nataka kupona, Mama, sirudi nyuma, lakini sauti ikienda watoto wangu watakula nini? Ile operesheni ya goita, ule uvimbe wa shingo, niliyofanyiwa nikiwa msichana sidhani inahusika, ilipona, ni vile tu sauti za juu hazikurudi, na nesi aliponiuliza kama nimewahi kupasuliwa shingo nilisema hapana nikakaza skafu yangu, niliogopa kurudishwa nyuma ya foleni.

Jebet, Kapsoya

Sikia wewe, Jebet! Umelia barua nzima juu ya ugali, kisha jambo lenyewe ukalificha mwishoni chini ya skafu.

Pole kwa mkono, na hofu yako naielewa. Lakini goita inahusika, tena sana. Sauti huendeshwa na mishipa miwili ya fahamu, mmoja kila upande wa koo. Kama mmoja uliumia wakati ule, huenda umekuwa ukiendesha koito na upande mmoja tu bila kujua. Sasa daktari asiyejua apitie upande ule uliobaki mzima, nao uguswe? Utakosa sauti, na hata kupumua kunaweza kuwa shida. Akijua, utachunguzwa kooni kwa kamera ndogo kwanza, ndipo aamue apitie wapi. Kama itabidi usubiri kidogo, subiri. Mficha uchi hazai, mama.

Nyakio hajakudanganya. Wengi humeza kwa shida na sauti zao hukwaruza baada ya upasuaji huo, lakini kwa wengi hao huisha polepole. Omba kuonana na mtaalamu wa kumeza na sauti kabla hujapasuliwa, usingoje mambo yaharibike. Baadaye kula vile utakavyoelekezwa: keti wima, uji na vyakula laini, tonge dogo, umeze ndipo uongee. Ukikohoa kila ukimeza, acha na uwaambie madaktari. Ongea kidogo, kwa sauti yako ya kawaida ya chini, na usinong'one, kunong'ona kunachosha koo. Na shingo ikivimba au pumzi ikibana, ala, usiitishe maombi kwanza! Kimbia hospitali, watu waombe mkiwa njiani.

Mama mkwe naye usimkwepe. Nenda naye kliniki amsikie daktari kwa masikio yake, maana ugali wake ni upendo, hajui tu kwamba utakukwama. Watu waje, waimbe, wale hiyo nyama, na ushuhuda autoe yeye. Wewe utakaa pale na uji wako, na Mungu akijalia utainua huo mkono wa kulia wauone.

Lakini hayo ni ya baadaye. Kesho asubuhi rudi kwa yule nesi, na uvue skafu.