Kabla Rahabu Hajaenda Makambako

Hospitalini, Tanga

Kwa Baba na Mama, Mdandu

Kamwene Baba, kamwene Mama. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba kifua cha Mama kimetulia baada ya mvua kwisha. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaouma, na nitawaeleza sababu, maana nina ombi zito.

Mama, uliniuliza kama nimeanza kuchoma sindano. Sichomi. Kazi yangu ni kuwashauri wagonjwa. Asubuhi daktari akizunguka wodini pamoja na sista na madresa wanaofunga vidonda, nami nafuatana nao. Wakishapita, narudi kuketi na wagonjwa. Namuuliza mtu anaogopa nini, nani anamngoja kwao, kwa nini anakataa dawa, kisha namweleza daktari. Wengi ni manamba wa mashamba ya mkonge, na wale wa kwetu wakinisikia nasema Kibena hunishika mkono wasiuachie.

Mmoja wao alikuwa Yeremia Mwalongo wa Kichiwa. Aliletwa kutoka shambani tumbo limevimba, macho ya njano. Alipoondoka kwao mkewe Rahabu alikuwa mjamzito, na mtoto huyo sasa anachunga mbuzi. Hakuwahi kumwona. Daktari alipomaliza kumpima aliniita pembeni, akasema ini limeharibika na hakuna dawa. Akaniomba nimwambie mgonjwa kwa lugha ya kwao.

Nilimwambia polepole. Alitazama viganja vyake vilivyochanwa na mkonge, kisha akasema, "Binti yangu, kama dawa ya wazungu imeisha, nirudisheni kwetu. Nataka mtoto anione."

Sista hakutaka, alisema atafia njiani. Nilibishana naye mbele ya daktari, Baba, mimi mtoto wa Mdandu. Nikasema mtu huyu hajaomba kupona, ameomba kwao. Daktari alifikiri sana, mwishowe akakubali. Nikaenda kwa bwana wa shamba, akatoa nauli na mtu wa kumsindikiza. Nikamwandikia Rahabu kupitia kwa mwalimu wa Kichiwa, kwamba mwisho wa mwezi huu angoje basi Makambako, na aje na blanketi kwa kuwa mumewe anaogopa baridi.

Hakusafiri. Juzi asubuhi alikunywa uji kidogo, akaniomba nimvalishe shati la safari ili alizoee. Nilikuwa nafunga vifungo aliponiuliza kwa Kibena kama huko kwetu ulezi umeshavunwa. Nikamjibu nadhani bado. Hakusema tena. Nilidhani amesinzia.

Tulimzika jana. Wenzake wa shambani waliimba wimbo wa kanisani kwa Kibena, na sista yule yule alisimama kando yangu akanishika bega. Hapa mimi ndiye ninayewafariji wafiwa, lakini jana nilishindwa hata kuimba.

Sasa ombi langu. Petro, jirani yetu, amemaliza mkataba wake na anaondoka leo na barua hii. Ningeweza kupeleka simu ya maandishi bomani Njombe, lakini tarishi angemwambia Rahabu mlangoni, akageuka akaenda zake. Tafadhali nendeni Kichiwa ninyi wawili. Najua ni mbali kwa miguu yenu, tafuteni lori pale Njombe. Mfikieni Rahabu kabla hajaenda kungoja basi.

Msimwambie barabarani. Ingieni ndani, mketi, Mama akae karibu naye. Msizunguke na habari nyingi. Mwambieni mapema kwamba Yeremia amefariki, kwa neno hilo hilo, asibaki na tumaini la bure. Kisha nyamazeni naye, hata akilia kutwa nzima. Na mtoto naye aambiwe, asiachwe nje na mbuzi akidhani baba yake anakuja.

Nisalimieni bibi mzaa Mama, na kaka Zakaria na mkewe, na shangazi Tabitha. Mchungaji aliyenifundisha kusoma mwambieni amtaje Yeremia katika sala ya Jumapili.

Baba, Rahabu atakuuliza kama mumewe aliteseka. Wote huuliza. Usimdanganye. Mwambie aliumwa sana, na kwamba alipokata roho alikuwa anazungumza Kibena.

Ni mimi mtoto wenu niliye mbali,

Damari