Alama ya chaki kwenye geji

Mjukuu wangu Kabula,

Mwangaluka. Huku Sapiwi tumeamka salama, na goti la bibi yako limepoa.

Unauliza presha ya bomba lenu la gesi ishuke mpaka wapi ndipo valvu zijifunge zenyewe. Gesi siijui, ila ujanani niliendesha pampu ya maji ya kijiji. Nilichora alama ya chaki kwenye geji: mshale ukishuka hapo, bomba limepasuka, nazima. Lakini kila mchana ng'ombe walipokunywa birikani mshale ulishuka, nami nikazima bure. Wachungaji wakanitukana. Kwa hasira nikaishusha alama chini kabisa. Siku bomba lilipopasuka kweli, mshale haukuifikia, sikuzima, na shamba la pamba la jirani yetu Masanja likageuka jaruba la mpunga.

Ndipo nikakaa wiki nzima kutazama mshale unashuka wapi ng'ombe wote wakinywa. Nikachora alama chini kidogo tu ya hapo, na sikuihamisha tena.

Kwa hiyo kwanza ujue presha inashuka mpaka wapi bomba likiwa halijapasuka, siku wateja wote wamefungua, kisha weka alama chini kidogo ya hapo. Bosi akitaka uishushe zaidi ili kelele za wateja ziishe, mwambie babu yako alishazimaliza kelele hivyo, na Masanja hakuvuna.

Babu yako