Rauta ya Kabatini

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Zuhura ametangaza vita. Chai kainywa amesimama. Anasema rauta yetu, kile kisanduku cha laini kinachogawa mtandao, imezeeka, ina miaka sita, inashika kwenye benchi la uani tu. Chumbani kwake hakuna kitu, sebuleni hakuna kitu. Na kazi yake ni kuongea na wateja kwenye kompyuta, hawezi kila siku kuwaomba wasubiri jogoo amalize kuwika. Tununue mpya. La sivyo mwisho wa mwezi anahamia Dar kwa rafiki yake Filomena, ambako mtandao unafika mpaka bafuni.

Baba yake alikuwa hapo hapo kwenye benchi, pembeni yake. Akanigeukia mimi: Mama Zuhura, mwambie huyo binti rauta haina tatizo.

Nikamwambia. Kana kwamba ana masikio ya kukodi!

Zuhura naye: Mama, mwambie Baba hata visima vyake vinakatakata.

Mume wangu Kibwana, tangu astaafu kiwanda cha sukari, anaangalia video za watu wanaochimba visima. Nchi gani, sijui. Maji yakitoka anashusha pumzi kama kayachimba yeye.

Miezi mitano sasa wananitumia kama posta. Tangu Zuhura alipokataa posa ya kijana wa Kisaki, mtoto wa rafiki yake Kibwana wa kiwandani. Barua ilikuwa imeshapokelewa. Kibwana akapanda basi mwenyewe kuirudisha, na aliporudi hakumsemesha mwanawe tena. Ukaidi wao ni mmoja, ila kila mtu anadhani ni wa mwenzake.

Jumapili, 3 Agosti

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Mimi sitaki rauta mpya.

Rauta mbovu ndiyo inayowakalisha benchi moja. Asubuhi mpaka alasiri, bega kwa bega, huyu na wateja wake, huyu na visima vyake. Hawasemi. Lakini juzi Kibwana alisogeza mguu ili kivuli kimfikie mtoto. Nimeona kwa macho yangu. Jana Zuhura alimwekea andazi karibu na mkono, bila neno.

Mtandao ukifika chumbani, kila mtu na mlango wake. Nitabaki na benchi.

Ila nikikataa, anahama. Sasa nishike lipi?

Jumanne, 5 Agosti

Zuhura kaenda mjini. Nimemwita Sufiani, fundi wa simu, kaja na rauta mpya kwenye boksi, tuijaribu kwanza. Kaomba kuiona ya zamani. Nikafungua kabati la vyombo.

Iko pale pale tangu siku ya kwanza. Kitu cha thamani unakiweka wapi, sakafuni? Nimeifunika vitambaa vitatu nilivyofuma mwenyewe. Mbele yake limesimama sinia kubwa la harusi yangu. Nyuma yake dirisha la uani.

Sufiani kaangalia sinia. Kaangalia dirisha. Kaangalia benchi.

Akasema: Mama, hii haijazeeka. Hili sinia ni bati, linazuia mtandao wote usiingie ndani. Toa sinia tu, utafika mpaka kwa jirani.

Kumbe dawa tunayo ndani!

Nikamkaribisha chai. Chapati nne. Nikamwomba hilo la sinia asimwambie mtu. Akacheka, akasema yeye ni muuza rauta, kunyamaza hakumsumbui. Boksi nimelisukumia chini ya kitanda.

Kwa hiyo sasa mimi ni mwongo. Hajat Chausiku, mwenyekiti wa kinamama msikitini, mwongo kwa ajili ya sinia.

Alhamisi, 7 Agosti

Zuhura kauliza mara tatu: Mama, mmeamua? Nimemjibu jambo kama hili haliamuliwi bila mjomba. Akanitazama kama nimerukwa na akili. Lakini alishindwa kupinga — sisi ni Waluguru, mambo ya watoto wangu bila kaka yangu Mansuri ni mambo ya nani? Kesho anashuka kutoka Mgeta kuleta karoti zake kwenye maonyesho ya Nane Nane. Atapita hapa.

Nimejinunulia siku moja.

Ijumaa, 8 Agosti

Kikao kimekaa baada ya swala. Sijawahi kuona kikao cha namna ile.

Kaka Mansuri kaja na kiroba cha karoti na Kondo, mtani wetu. Ukoo wa Kondo na wetu ni watani tangu mababu: wanatuzikia, wanatutukana, na wakichukua kitu chako huna ruhusa ya kununa. Kaingia mlangoni akauliza maiti iko wapi, yeye kaja kuzika.

Zuhura kampa mjomba wake shikamoo, akaeleza. Kaeleza vizuri, mtoto kasoma. Kaka akasikiliza macho yamefumba. Kisha maswali: Hii ya zamani imekosa nini? Imemtukana nani? Imelala njaa ikalalamika? Zuhura kasema haifiki chumbani. Kaka akasema hata yeye hafiki chumbani kwa Zuhura, na ni mjomba wake.

Akatoa simu, akazunguka nyumba nzima mkono juu, akihesabu vidoti kwa sauti. Sebuleni sifuri. Jikoni sifuri. Benchini vitatu! Kaka kakaa benchini akasema tatizo halioni, watu wakae pale palipo na mtandao, kama wanavyokwenda mtoni palipo na maji.

Nilitamani kumbusu.

Ndipo Kondo akanyoosha kidole. Akasema ninyi mnajadili mtambo, na hapa kuna maiti mbili zimekaa benchi moja. Huyu baba na huyu binti walifariki lini? Mbona hatukuitwa?

Hakuna mwingine angeweza kusema hivyo akatoka na meno yake. Zuhura akainama. Kibwana akaanza kutafuta miwani, na alikuwa ameivaa.

Kaka akaamua: kitu kilichokaa ndani miaka sita hakifukuzwi ghafla, tutafakari wiki moja. Zuhura kaenda kupanga nguo zake kwenye begi. Nimezihesabu: gauni nne.

Jumamosi, 9 Agosti

Rauta haipo! Kabati liko wazi. Vitambaa vimekunjwa vizuri, sinia liko mahali pake, rauta hakuna.

Simu kutoka Mgeta: Kondo. Anasema anayo, kaibeba kwenye koti, imemletea joto njiani. Tukaikomboe. Mimi hanitaki. Anawataka baba na binti, wote wawili, kwa miguu yao, na jogoo. Yule yule anayewikia wateja.

Kibwana: Mama Zuhura, mwambie huyo binti siendi.

Zuhura: Mama, mwambie Baba kesho kutwa asubuhi nina kazi, lazima twende.

Nikasema leo posta imefungwa. Nikaingia ndani.

Nikatega sikio dirishani. Halafu Kibwana akakohoa. Akasema jogoo yule ana kucha, atafutwe kamba.

Hakuniambia mimi!

Jumapili, 10 Agosti

Wamepanda lori la mboga saa moja asubuhi, linalorudi Mgeta tupu kutoka sokoni. Mbele na dereva, jogoo katikati. Kibwana kabeba koti la Zuhura, kule juu kuna baridi.

Nyumba imetulia mno. Nimekaa benchini peke yangu. Sikupapenda.

Saa nane simu imelia. Zuhura, anapiga kwa picha. Uso wake umejaa, safi, haukatiki. Nyuma yake matuta ya karoti na ukungu.

Mama, unaniona vizuri? Nipo shambani kwa mjomba. Rauta iko kwa Kondo, ng'ambo ya bonde. Kaiweka juu ya ndoo. Inafika mpaka huku!

Nikasema maajabu.

Kibwana akaingiza kichwa, miwani imepanda juu ya paji la uso. Mama Zuhura, mtambo mzima huu. Mimi nilisema. Sikusema, Zuhura?

Ulisema, Baba.

Nikalia kidogo, nikasingizia vitunguu. Hakuna kitunguu hapa.

Halafu Zuhura akakunja uso. Namjua akikunja uso hivyo, anapiga hesabu. Akauliza polepole: Mama. Pale kabatini, mbele ya rauta, huwa kuna nini?

Nikasema mtandao unakata. Nikakata.

Sasa ni saa kumi na moja. Kibwana katuma ujumbe, wako Mlali, wanateremka, Zuhura kacheka njia nzima, nichemshe maji. Begi lake bado liko mlangoni. Boksi la Sufiani nimelitoa chini ya kitanda, liko miguuni. Sinia ninalo mapajani. Nimelisugua mpaka naona uso wangu.

Lori linapiga honi huko barabarani. Wanabishana kwa sauti, wote wawili kwa pamoja, nani kamfunga jogoo vibaya. Nimesimama mbele ya kabati na sinia mkononi, na leo silirudishi pale mbele.