Ndimu Ndani ya Njumu

Jumapili, 8/6/2025
Tatu bila! Wale wa Makadara wametuchapa Karakana FC tatu bila. Mimi simo, nilikuwa benchi.
Kocha Wekulo alishasema getini kwao hapapitiki, pamemwagwa dawa ya mganga. Tukaruka ukuta wote, hata yeye na kitambi chake, suruali ikapasuka matakoni. Wote isipokuwa Mumo, namba tisa wetu. Eti ameokoka. Akapita getini mikono mfukoni kama bwana harusi. Sasa kila mtu anasema ndiye aliyetuletea nuksi. Na mimi nimesema, tena kwa sauti kuwashinda wote.

Jumatano, 11/6
Jumamosi anakuja skauti wa timu ya ligi kuu. Anakuja kumwona Mumo! Mumo anayekimbia kama bata! Ana mabao kumi na moja, sawa. Ningepewa mechi zake ningefunga ishirini. Miaka miwili napasha misuli tu. Skauti ataona nini kwangu — ninavyokunywa maji?

Alhamisi, 12/6
Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Nilichukua ndimu jikoni, nikaidunga pini saba za mathe, nikaitumbukiza kwenye njumu ya Mumo akiwa amefumba macho anaomba. Huomba kila siku kabla ya mazoezi, tena maombi marefu!
Nahodha Odero ndiye aliyeiona. Akaiinua juu: uchawi! Mumo akaapa, akalia — mwanaume mzima. Kocha akamwuliza Makadara walimpa nini ili aturoge. Nilidhani atawekwa benchi tu. Wamemfukuza hapo hapo, wakamvua jezi. Odero akaifunga ndimu kwenye gazeti, akaenda nayo, eti ushahidi.
Namba tisa nimepewa mimi. Inanibana kifuani. Kifua cha simba hiki.

Ijumaa, 13/6
Mathe ananigombeza kuhusu pini zake. Saba hazionekani. Fundi wa nguo miaka yote hiyo na bado anahesabu pini! Anasema mtaa mzima wa Shauri Moyo ni yeye tu hununua za vichwa vya bluu. Nikamwambia, mama, umezeeka, hujui kuhesabu. Akaanza kuzihesabu upya.

Jumamosi, 14/6
Moja bila. Bao langu! Skauti aliandika kitu, nimeona kwa macho yangu.
Mumo alikuja. Mjinga! Uwanjani kwetu Makongeni pia tuliruka ukuta, kocha haamini geti tena. Yeye akapita getini, kama kawaida yake. Mashabiki wetu walikuwa wanamngoja. Nilikuwa juu ya ukuta, mguu mmoja huku, mmoja kule, nikaona wanavyomwangusha. Alikuwa anawaambia amekuja kushangilia tu. Neno moja langu lingetosha. Kocha akasema, "Griffins, ruka. Usiangalie huko."
Nikaruka.
Wamemvunja goti kwa jiwe. Wanasema hatacheza tena. Basi ana muda wa kuomba.
Sina njaa leo. Ni furaha, nadhani.

Jumapili, 15/6
Skauti amepiga simu! Majaribio Jumanne. Nimevaa jezi tangu asubuhi, nikajiangalia kwenye kioo mpaka nikachoka.
Mathe ana mgeni. Nilidhani ni mteja. Niko huku nyuma ya pazia naandika, wao wako upande wa cherehani. Ni Wanza, dadake Mumo. Hajui kama niko. Ametoka hospitalini. Amemwomba Odero ile ndimu, na tangu asubuhi anaizungusha kwa mafundi wa Shauri Moyo, mmoja mmoja. Hapigi kelele. Afadhali angepiga.
"Mama Griffins," anasema, "hizi pini za bluu ni za nani?"
Cherehani imenyamaza.
Namsikia mathe akizichomoa. Anahesabu polepole, vile alinifundisha nikiwa mdogo. Nne. Tano. Mlango ni mmoja na uko upande wao. Dirisha lina vyuma. Nimejaribu kuvua jezi, imekwama mabegani — nimeiacha.
Saba.
Anamwambia Wanza aketi. Mimi hajaniita bado.