Dawa Uliyoikataza

Ole, Pemba

Kaka Hamdan,

Assalamu alaykum. Huku mvua haituachi tukaanika karafuu, na paka wako kazaa tena kwenye kapu la Mama. Nakuandikia kwenye simu kwa sababu nikisema, Mama atasikia.

Ulisema kutoka Maskati kwamba mofini, dawa ya maumivu aliyopewa Mama, ni ulevi, nisimpe, asije akafa bila shahada mdomoni. Nikakutii, nikaificha chupa kabatini. Saratani haikukutii. Mama akawa anauma kanga yake, na kila nikimtamkisha shahada ananijibu kwa ukelele. Hata jina la Mungu halikupata nafasi mdomoni mwake.

Jana asubuhi Bi Asma, muuguzi anayemhudumia, alimkuta hivyo. Akaniambia, "Time, mpe mamako dawa yake." Nikampa kwa kipimo alichonielekeza. Adhuhuri Mama akaswali kwa kukaa, akasoma Yasini mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hamdan keshapiga simu?"

Basi piga. Chupa iko kando ya kitanda chake. Ukitaka niifiche tena, mwambie yeye mwenyewe.

Mdogo wako,
Time