Mahari Pake

Mabawe, 4 Juni 1995

Shangazi,

Shikamoo. Kabla sijaulizia mguu wako, nikwambie neno ambalo hata padre kwenye kitubio hajalisikia kwangu: namdharau baba. Baba mdogo Idefonsi ndiyo kabisa. Haya, mguu unaendeleaje huko Biharamulo? Wamekuruhusu kuukanyagia?

Tangu wale wageni wanaohudumia wakimbizi waje na gari jeupe kuulizia nyumba ya kupanga, kaka zako wamekumbuka ghafla kwamba watakufa. Babu aliwaachieni nyumba hii nyote watatu, mkakaa miaka yote bila karatasi. Leo wanataka wosia! Kila mmoja wake, ila habari ya nyumba iwe neno moja. Nimefanywa karani kwa sababu ya mwandiko. Nimesomeshwa Kiswahili na Kiingereza, lakini mbele ya watu sina hata kimoja.

Jana baba akatamka, kifua mbele kama diwani: "Agripina abaki na mahari pake." Unamjua, l na r kwake ni mapacha. Alikuwa na maana ya chumba chako cha uani. Nikaanza kuandika "mahali". Baba mdogo, aliyejifunza ujanja kwa wabadilisha fedha wa mpakani Kabanga, akanidaka mkono. "We mtoto, andika alivyosema kaka. Mahari. Mahari yake."

Baba akaitikia, "Ee, si ndicho nilichosema?"

Nikaandika. Mahari yako ililiwa kabla sijazaliwa, kwa hiyo umeachiwa hewa, na chumba chako kitakuwa stoo ya wageni. Jumapili ijayo baada ya misa wanatia sahihi mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Nifanyeje? Mimi kusema siwezi.

Mwanao,
Deodata


Biharamulo, 8 Juni 1995

Mwanangu Deodata,

Marahaba. Mguu umeanza kukanyaga, na ukipona sawasawa kuna mtu nitampiga teke.

Usilie. Pancras baba yako ni mjinga mwema. Tangu utoto, ng'ombe wakipotea, anakwenda kuwatafuta pamoja na aliyewaiba. Idefonsi ni mjinga anayejiona ana akili, na huyo ndiye rahisi zaidi. Usiguse hiyo r. Iache ikae.

Nani kakwambia mahari yangu ililiwa? Ng'ombe walioletwa nilipoolewa, marehemu baba aliwatoa wote kumwolea Idefonsi mke. Justina wake anayetembea hapo uani kaingia kwa ng'ombe zangu mimi. Nilipofiwa na mume nikarudi, sikudai hata kwato. Sasa wameniandikia wenyewe kwamba mahari ni yangu? Nashukuru! Nitakuja na kamba kuwafuata, wao na ndama zao. Wakikosekana, nitamchukua Justina anilimie.

Mshenga wangu alikuwa mzee Nshoma, katekista. Yuko hai na ulimi anao. Mpelekee salamu zangu, mwambie aje kusikiliza wosia. Usipoweza kusema, usiseme. Wajinga hujisemea.

Shangazi yako,
Agripina


Mabawe, 11 Juni 1995

Shangazi,

Shikamoo tena, na pole ya mguu. Nyumbani hatuumwi, ila kuna mmoja hajala tangu mchana.

Baba mdogo alisoma mwenyewe, kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Agripina abaki na mahari yake."

Mzee Nshoma akaweka kikombe chini. "Mahari? Ng'ombe wale niliowaswaga mimi? Idefonsi, utamrudishia lini dada yako?"

Mama mdogo Justina alikuwa anagawa pombe ya ndizi. Akasimama na kata mkononi. "Kumbe nimo kwenye wosia! Baba watoto, umemwachia wifi mimi, au na watoto?"

Watu walicheka mpaka mbwa wakabweka. Baba akaruka juu: "Nani kasema inkwano, ng'ombe wa kuolea? Nimesema inkwano saa ngapi? Mimi nimesema mahari! Mahari pa kulala!" Shangazi, nilitamani ardhi inimeze, na yeye kwanza.

Baba mdogo jasho likamtoka. "Mtoto kakosea! Kidato cha pili hajui kuandika! Deodata, futa, weka mahali!"

Mwenyekiti akanigeukia. "Umekosea, binti?"

Wote wakanitazama. Nikasikia mtu anasema, "Niliandika nilivyoshikwa mkono," kumbe ni mimi.

Mwenyekiti akaniamuru niandike upya, nakala zote mbili, ya baba na ya baba mdogo: Agripina abaki na mahali pake, chumba cha uani na mlango wake, asitolewe na mtu. Wakatia sahihi. Baba mdogo alisaini haraka kuliko wote, Justina akiwa bado kashika kata. Mihuri imepigwa, mwenyekiti kaondoka na nakala zote. Chumba ni chako. Rudi ulale.

Nilidhani nitawaonea huruma kidogo. Bado.

Nasikia kandambili za baba mdogo ukumbini, na anaita jina langu. Barua zako mimi nazificha chini ya godoro, na zangu vilevile nikiwa sijamaliza. Hii naiacha mezani, imeelekea mlangoni. Kusoma anajua. Aingie.

Mwanao,
Deodata