Bia Isiyovuka Mlango

Harlow Creek, 14 Januari

Thad mdogo wangu,

U mzima huko mji mkuu? Sisi tunapumua. Goti langu limegoma kwa baridi, ila ngazi ya mtambo wa bia bado naipanda mwenyewe. Msalimie mkeo, na binti yako Marlena mwambie shangazi anamngoja na huyo mchumba wake.

Tangu daraja lifungwe kwa matengenezo, baa yangu ni viti vitupu. Watu wanapita mbio, wanataka kujaziwa chupa waende nayo kwao. Jana kaja mzee Ezra Tolbert na kambare wake kwenye ndoo. "Odessa, nijazie chupa mbili za ile nyeusi, nikale samaki na mke wangu." Nikamwambia sheria hairuhusu bia yangu ivuke mlango. "Kwa hiyo nizinywe zote hapa, halafu niendeshe gari?" Ndiyo, mzee. Hiyo ndiyo sheria ya kutulinda na ulevi!

Duka la jirani nalo likitaka pipa langu, sheria inataka lori la Crenshaw msambazaji lije kulibeba, likalilaze kwenye ghala lake nje ya wilaya, kisha lilirudishe mtaa huuhuu. Bia imesafiri kuliko mimi niliyeipika.

Muswada wa kuturuhusu kuuza bia ya kubeba uko kwenye kamati yako. Usipopita, Pasaka hainikuti hapa. Uko upande wangu?

Dadako,
Odessa

Mji mkuu, 22 Januari

Dada,

Nimefurahi kusikia sauti yako, hata kama ni kwenye karatasi. Mimi salama, ila tumbo linazidi kukua, chakula cha wabunge ni cha kukaanga tu. Lipake hilo goti mafuta ya kafuri, usijifanye msichana.

Mbona unaniuliza kama mtoto wa jirani? Kura yangu unayo. Crenshaw alinialika chakula cha jioni. Nyama yake nimekula, ahadi sikumpa. Njoo utoe ushahidi. Vaa koti la bluu, na tafadhali usimtukane mtu.

Mdogo wako,
Thad

Harlow Creek, 19 Februari

Thad,

Nakujulia hali kwa sababu mama alitulea hivyo. Sijisikii kukujulia.

Nilisema yangu mbele ya kamati, na sikumtukana mtu. Mwenyekiti wenu akaniuliza, "Mama, huoni watoto watatembea na bia barabarani?" Watoto! Bia za Crenshaw zinatoka madukani kwa katoni kila kona, hizo hazimtishi mtu. Nikarudi kukaa, maana nilikuwa na kura ya ndugu yangu.

Wakaita majina, wakafika kwako. "Pruitt?" "Mheshimiwa Pruitt?" Kiti kitupu, koti lako limening'inia mgongoni mwake. Kura zikalingana, na muswada uliokosa kura moja tu ya kuuvusha ukafia palepale.

Nikakukuta koridoni unatafuna karanga, Crenshaw anakupigapiga bega. "Nimetoka kunyoosha miguu tu, dada." Mlinzi wa mlangoni akanihurumia: "Ndivyo wanavyofanya, mama. Akiogopa ndiyo na akiogopa hapana, anakwenda matembezi."

Ungesema hapana, ningekasirika, tungegombana, yakaisha. Wewe ulikwenda matembezi. Nilipofika nyumbani nilinawa mkono niliokupa pale koridoni. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, lakini sikudhani nguo yenyewe niliifua mimi.

Odessa

Mji mkuu, 8 Machi

Dada mpendwa,

Natumaini goti linaendelea vizuri na hasira imepoa. Nielewe. Mashemasi wa kanisani hawataki kusikia neno bia, na uchaguzi ni Novemba. Nikiukosa ubunge, nani atakusaidia? Mwakani tutaurudisha muswada, nakuahidi.

Jambo jingine, la furaha. Marlena anaolewa tarehe 29, na sherehe ni kwenye ukumbi wa kanisa. Anataka bia yako tu, mtoto huyu. Niletee mapipa mawili kwa mlango wa nyuma. Tutaimimina kwenye majagi ya chai ya barafu, mashemasi hawatajua. Ni mambo ya kifamilia, nani atakushitaki?

Kaka yako mdogo anayekupenda,
Thad

Harlow Creek, 17 Machi

Thad,

Sisi wazima. Barua yako niliisoma nimesimama karibu na sinki, na ilikuwa bahati, nikanawa tena.

Marlena alikuja Jumamosi. Nilimsomea yote, ile ya majagi ya chai nikamsomea mara mbili. Alilia kidogo, kisha akaniuliza baa inachukua watu wangapi. Harusi imehamia hapa. Bia haiwezi kuwafuata, basi wao wataifuata bia, mchana kweupe, kwa mlango wa mbele. Mashemasi wamealikwa. Wawili wamekubali, na mmoja kauliza kama ile nyeusi itakuwepo.

Itakuwepo, kisha basi. Jumatatu inayofuata wanakuja kung'oa mtambo, umeuzwa kwa watu wa jimbo jingine, ambako bia inaruhusiwa kwenda nyumbani. Miaka yangu yote humu inaondoka juu ya lori.

Mchumba ananiuliza kama atafute mtu mwingine wa kumshika Marlena mkono na kumwingiza harusini. Marlena kasema nikuandikie kwanza, maana wewe ni baba yake. Ningekuwa mimi, nisingekuandikia.

Anataka jibu kabla ya Ijumaa. Ndiyo au hapana.

Shangazi yake Marlena